Mkunga Achagua Kiti cha Sumaku

Treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo, nami nilikuwa nimekandamiza begi kwa goti nikijaribu kulifunga, nikiingia mji ambao nilikuwa nimeuona kwenye ramani tu. Ndipo mama aliyekaa mbele yangu akanigonga kiatu kwa ncha ya mwavuli.

"Mwanangu, hilo gazeti la kigeni lililo kwapani unalisoma au unaangalia picha?"

Nikamwambia nalisoma.

"Na hiki je?"

Akanikabidhi kijitabu cha lugha nyingine kabisa. Kwenye jalada palichorwa kiti, na juu ya kiti mtu, na mishale mingi myekundu ikimwelekea mtu huyo mahali ambapo watu wenye adabu zao hawaelekezewi mishale. Nikasoma mistari mitatu kwa sauti na kuifasiri. Mama akamtazama mwenzake aliyekaa pembeni yake.

"Huyu tunaye," mwenzake akasema. "Wifi, mshike mkono asije akatoroka."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuwa na miadi yoyote hadi kesho yake, na hata ningekuwa nayo sidhani kama ningefurukuta.

Mama mwenye mwavuli alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa mfupi, mpana, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, uso mkavu kama wa msimamizi wa mtihani. Alikuwa ametumia miaka thelathini na mitano katika wodi ya wazazi. Mwenzake alikuwa mke wa kaka yake, mwanamke mrefu mwenye bangili kumi hivi kila mkono na mdomo usiojua likizo. Wawili hao walikuwa wamepanga vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa: kimoja cha kukandwa, kimoja cha mvuke, na cha tatu kilikuwa kitupu tangu wapake rangi. Chumba hicho kilikuwa kinasubiri kiti ambacho siku ile walikuja kukinunua kwenye maonyesho.

"Kiti gani?" niliuliza tukiteremka kwenye treni.

"Cha sumaku," mkunga akasema. "Unakaa na nguo zako, husogei, hushikwi. Chini yako kuna sumaku ya umeme inapiga, inazima, inapiga, inazima. Misuli ya chini ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu, inajikaza yenyewe mara maelfu, na wewe unasoma gazeti lako. Mwanamke akizaa watoto wanne misuli ile inalegea. Akikohoa, matone. Akipiga chafya, matone."

"Akicheka," wifi akaongeza, akimwangalia kwa jicho la upande, "bwawa."

Nilitegemea mkunga acheke. Hakucheka. Alisimama katikati ya kituo, abiria wakimpita kulia na kushoto, akabana midomo, akapishanisha miguu, akasubiri kama mtu anayesubiri taa ya barabarani. Kisha akaendelea na safari.

"Umemwona?" wifi akaniambia. "Huyu alikuwa akicheka wodi ya wazazi, wodi ya macho wanatuma mtu kuuliza kuna nini. Sasa miaka minane ananifanyia sura ya karani wa posta. Vituko vyangu vyote vinaozea tumboni."

"Vituko vyako sina shida navyo. Shida yangu iko chini zaidi." Mkunga akanigeukia. "Kila kitu kinachoingia chumbani kwangu kinanipitia mimi kwanza. Mafuta nilijipaka mimi, mvuke niliingia mimi. Na kwa hiki kiti, mteja wa kwanza ni mimi, sikufichi. Nataka kucheka kabla sijafa. Kaka yangu anakuja na pikapu saa tisa, tunabeba kimoja, basi. Kikishatoka mlangoni hakirudishwi, kwa hiyo leo hatukosei."

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ghala kubwa lenye zulia jekundu lililogandishwa sakafuni kwa gundi ya karatasi. Humo mlikuwa na mashine za kuondoa vitambi, mabeseni yanayotetemesha nyayo, na vinyago vya plastiki vinavyowaka uso mzima kama taa ya gari. Viti vya sumaku vilikuwa ukuta wa mwisho. Mkunga alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na maswali matano aliyoyaandika yeye mwenyewe, ambayo kila mwanamke angeulizwa kabla ya kukalia kiti. Hakuwa na nia ya kumsomea muuzaji yeyote. Alitaka kuona nani atauliza bila kukumbushwa.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kina taa za zambarau na kinapiga muziki. Kijana wa kukiuza alinukia marashi hadi machozi yakanilengalenga. Alimkalisha wifi kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Huulizi?" mkunga akasema.

"Niulize nini, mama?"

"Kama ana mimba."

Kijana akamwangalia wifi, bibi wa wajukuu sita, na biashara ikashinda aibu. "Samahani mama, una ujauzito?"

"Nikiwa nao," wifi akajibu, "baba yake nimeshampata."

Kijana akabonyeza kitufe ili kujiokoa. Kiti kikaanza kugonga tak-tak-tak, taa zikazunguka, bangili zikaanza kucheza ngoma yake peke yake, na sauti ya wifi ikakatika vipande vipande. "Wi-wi-wifi! Ki-ki-kinanikonyeza!"

Watu wa mabeseni wakageuka. Mimi nilijishikilia kwenye nguzo. Mkunga alikuwa ameshatoweka. Nilimkuta nyuma ya bango, miguu imepishana, akisoma kwa bidii tangazo la kuzima moto.

"Hapana," akasema alipopata pumzi. "Hajamvua hata bangili. Sumaku na bangili! Twende."

Vilivyofuata alivikalia yeye mwenyewe, na mimi nikawa nafasiri vijitabu. Kimoja kilinguruma kama mashine ya kusaga. Kingine kilikuwa kirefu sana, miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto kanisani, na sumaku ikapiga mahali pengine kabisa.

"Hiki kinanipiga mapaja," akamwambia muuzaji. "Mapaja yangu hayavuji."

Cha tatu kilizima chenyewe baada ya dakika kumi na mbili, muuzaji akasema tukiache kidogo kipumzike. Mkunga alimwuliza kama na mteja naye atatoka nje akapumzike. Halafu tukafika kwenye kiti cheusi, na hapo nikaona uso ule wa msimamizi wa mtihani ukifunguka pole pole. Alikaa dakika ishirini nzima. Aliweka kiganja chini ya kitovu, akafumba macho, akasikiliza mwili wake kama alivyokuwa akisikiliza ya wenzake.

"Kinajua anwani," akasema kimya kimya.

"Kweli?" Wifi alishika mashavu. "Kweli wifi? Nianze kuandaa vituko?"

"Kinapasha moto nyonga kidogo. Injini yake labda." Akajisugua ubavuni. "Lakini anwani kinaijua. Tena barabara."

Muuzaji alikuwa na kalamu mkononi tayari. Hakuwa ameuliza swali hata moja. Nilimwona mkunga akiitazama kalamu, kisha karatasi yake, kisha kalamu tena, kama mtu anayeitwa na chakula huku simu inalia. Mwishowe akasema tumalizie ukuta, kimebaki kimoja, turudi.

Kilichobaki kilikuwa pembeni kabisa, jirani na mlango wa choo. Kilikuwa cha kijivu, kibaya, kama cha kinyozi aliyefilisika. Chini yake palikuwa na miguu miwili ya suruali ya bluu. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini hivi, bisibisi imechomekwa kwenye nywele.

"Mwenye mali ameenda kula," akasema. "Mimi fundi. Siuzi, natengeneza. Ila mkitaka kukijaribu nitakiwasha. Nani anakaa?"

"Mimi," mkunga akasema, na kukaa.

"Basi kuna maswali, mama."

Laiti mngemwona! Alikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akakaa wima, mikono magotini, mwanafunzi aliyesubiri mwaka mzima kuitwa ubaoni.

"Una mimba?"

"Mlango huo ulishafungwa, ufunguo sijui uko wapi."

"Kitanzi cha uzazi, cha shaba?"

"Nilikitoa hujazaliwa."

"Kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo?"

"Moyo wangu unajipiga wenyewe."

"Chuma chochote mwilini, kuanzia kiunoni kushuka mapajani? Bamba, skrubu?"

"Ha—" Mkunga akakwama na mdomo wazi.

"Wifi," wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Ile nyonga."

Miaka minane nyuma alikuwa ameteleza kwenye ngazi za wodi akikimbilia mzazi, akavunjika, akawekewa bamba na skrubu tano. Fundi aliondoa mkono kwenye kitufe kama vile kimemchoma.

"Vingine humu umevikalia?"

"Vinne."

"Ulisikia joto?"

Mkunga akajishika nyonga. Wifi alikitazama kiti cheusi kule mbali.

"Shuka, mama," fundi akasema kwa upole. "Hiki hukikalii, wala kingine chochote humu ndani, hata wakikubembeleza. Na kesho asubuhi uende kwa daktari akuangalie hiyo nyonga. Usiseme utaenda wiki ijayo."

Mkunga alishuka. Alisimama kwenye zulia na mwavuli wake, na mimi nilitafuta mahali pa kuangalia. Miaka minane ya kubana midomo, safari yote ile, na kiti kilichoijua anwani, vyote vilikuwa vimeishia jirani na mlango wa choo.

"Miaka thelathini na mitano," akasema polepole. "Miaka thelathini na mitano nawauliza watu. Una chuma? Una kitanzi? Una hiki, una kile? Karatasi nimeiandika mimi! Swali la nne! Nimeitembeza ukumbi mzima kuwakamata wenzangu…" Mabega yakaanza kutikisika. "…na hakuna aliyeniuliza mimi! Wala mimi sikujiuliza!"

Nilidhani analia. Kisha sauti ikatoka.

Sijui kama niseme ilikuwa kicheko. Ilianza kama gari bovu linalokataa kuwaka, ikakohoa, ikawaka, halafu ikapaa juu hadi kwenye mabati ya ghala na kurudi. Alimshika fundi begani. Fundi naye akaambukizwa. Wifi aliketi chini kwenye zulia, mrefu vile, bangili zikilia, akipiga sakafu kwa kiganja: "Amecheka! Jamani, amecheka! Na wala sijasema kitu!" Yule kijana wa marashi alifika akikimbia, akaona hali, akaanza kucheka bila kujua anachekea nini.

"Niacheni, niacheni," mkunga akapiga kelele, akakimbia na mwavuli na mkoba, miguu mifupi ikienda mbio kama cherehani, akaingia kwenye mlango ule uliokuwa jirani kwa bahati nzuri. Kicheko kiliendelea humo ndani, kikiongezwa mwangwi na vigae.

Alipotoka alikuwa amevaa sketi nyingine. Ndipo nikaelewa kwa nini mkoba wa mtu mfupi vile ulikuwa mkubwa vile.

"Basi twende nyumbani, wifi yangu," mwenzake akasema, akijifuta macho. "Kiti si chako tena."

"Nani amesema nakwenda mikono mitupu? Kina mama kumi na wawili wanasubiri, na hawana skrubu hata moja, nimewauliza mwenyewe." Akakipiga kile cha kijivu kofi la mgongo. "Kile cheusi kingeniunguza kikaniambia karibu tena. Huyu binti amenikatalia usoni, na bosi wake hayupo. Kaa wewe. Vua hizo kengele."

Bangili zilijaza kikasha cha skrubu cha fundi. Maswali yakaulizwa yote, wifi akajibu yote isivyofaa kuandikwa. Fundi akapandisha kibao cha miguu, akasogeza kiti mbele kidogo, akawasha. Mkunga aliweka kiganja juu ya tumbo la wifi yake.

"Kohoa. Tena. Kinajua anwani?"

"Ki-ki-kimebisha hodi," wifi akasema, "ki-ki-kinakaribishwa."

Walikiacha kipige nusu saa. Hakikuzima, hakikupata joto. Mkunga alilala chali sakafuni mwenyewe kukagua jinsi sumaku ilivyofungwa, akauliza vipuri vinapatikana wapi na nani atakuja kikiharibika. Fundi akasema atakuja yeye. Mwenye mali aliporudi, mdomo bado una mafuta, akakuta kiti kinafungwa plastiki.

"Nani amekiuza?"

"Mimi sijauza," fundi akasema. "Nilimkatalia."

Tulikitoa uani kupitia mlango wa mizigo. Kaka mtu alikuwa ameshafika na pikapu, mwanamume mpole aliyetazama kiti, akawatazama mkewe na dada yake, akaamua kutouliza. Fundi alisimamia kamba. Kiti kisilazwe, kisimame hivyo hivyo hadi nyumbani.

"Na wewe mama," akamwambia mkunga, "kuna mazoezi. Kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza. Kila siku. Yanachukua miezi, lakini yanasaidia."

Wifi alipiga ukelele. "Hayo? Hayo si ndiyo anayofundisha kila Jumanne na Alhamisi!"

"Na mwenyewe unayafanya?" fundi akauliza.

Mkunga alishughulika sana na mlango wa gari. "Mimi ndiye ninayehesabu," akasema.

"Kuanzia leo nahesabu mimi! Panda katikati hapo nikuone. Kaza! Moja, mbili, tatu—"

"Nikaze nini?" kaka akauliza kutoka kwenye usukani.

"Wewe endesha! Nne, tano. Legeza. Tena! Wifi, hujalegeza, naiona shingo yako."

"Usinichekeshe, nakuomba, nimebakiwa na sketi moja—"

Pikapu iliondoka, kiti kikiwa kimesimama nyuma ndani ya plastiki yake, kikitutazama mimi na fundi. Ilifika getini, mlinzi akainua kizuizi, na pale pale ikafunga breki. Mlango ukafunguka, mkunga akashuka mbio, akicheka kwa sauti yote aliyonayo, akamwuliza mlinzi jambo moja tu. Mlinzi akamwonyesha kwa kidole mlango mwembamba nyuma ya kibanda chake. Tulisubiri sote, gari likinguruma. Kisha akatoka, akapanda, akatupungia mwavuli kupitia dirishani. Gari likakunja kulia, na sauti ya wifi ikawa bado inakuja juu ya ukuta kwa muda, ikianza upya kwenye moja.