Hirizi kwenye Mashine

Juzi fundi alipofungua mashine yangu ya kufulia iliyogoma kumwaga maji, harufu ya povu lililovunda ilinirudisha Korogwe, kwenye nyumba ambayo mama alikuwa akifua nguo za watu.

Siku ile, nikiwa mdogo, fundi wa huko alichomoa hirizi kwenye pampu ya mashine ya pale. Mwenye nyumba akarudi nyuma.

"Mama Zaina, nani anataka kuniroga humu ndani?"

"Wallahi siijui, mama," mama aliapa.

Mimi niliutambua uzi mweusi wa bibi yangu wa Kwaluguru, aliyenishonea hirizi begani mwa gauni. Lakini mama alikuwa ameapa, nikaamini yupo mtoto mwingine mwenye bibi kama wangu. Sikujua kwamba nguo zetu hazikuruhusiwa kuingia kwenye mashine ile.

Njia nzima ya kurudi kwetu mama alinishika bega, pale pale hirizi ilipochomoka.