K ya Mkono wa Kulia

Kazini walimwita Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kusaini, kubisha hodi, kukupungia akiwa ng'ambo ya barabara. Mimi nilimwita kaka Shoto. Alinitangulia kwenye utarishi kwa miaka kumi na sita, na ndiye aliyenifundisha kwamba bahasha haiachwi kwa mlinzi hata mlinzi aape kwa jina la mama yake. Katika mji mzima hapakuwa na mlango wa ofisi asioujua. Alijua lifti ipi imekufa na katibu yupi hapokei barua kabla hajanywa chai. Yote hayo aliyafanya kwa baiskeli nyeusi isiyo na kengele. Kengele ilikuwa mdomo wake.

Kisha ofisi ikanunua pikipiki, moja tu. Msimamizi wetu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yote ni mabaya. Alituita sisi wawili akatueleza kwamba mwezi ukiisha atabaki tarishi mmoja. Tutakwenda kozi ya usalama ya siku nne, ile ya watu wasiojua kitu, na siku ya mwisho kuna mtihani wa leseni. Tukifaulu wote, pikipiki ni ya Shoto kwa kuwa ndiye mkubwa, na mimi nitafute riziki kwingine. Akianguka yeye nikafaulu mimi, basi ni kinyume chake. Anayeanguka anaruhusiwa kurudia baada ya miezi mitatu, ila ofisi haina miezi mitatu ya kumsubiri mtu.

Tulitoka pale hatutazamani. Mlangoni kaka Shoto akanishika bega, akasema tusigombane kwa jambo ambalo hatukulianzisha.

Kozi ilifanyika kwenye uwanja wa saruji nyuma ya bohari. Helmeti zilinuka jasho la waliotutangulia. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Asubuhi alitufundisha kukagua matairi, mnyororo na taa, na kushika breki ya mbele pamoja na ya mguu. Mchana tukapanda. Mimi niliiachia klachi kama niliyeshika sufuria ya moto. Pikipiki ikaruka peke yake, nikabaki nimekaa chini, na vijana wenzetu wa kozi wakapata cha kusimulia. Kaka Shoto alizipita koni zote zilizopangwa uwanjani bila kuigusa hata moja. Miaka yote ile ya baiskeli haikwenda bure. Niliona wivu, sitaficha.

Siku ya pili zikaanza amri. Mkufunzi anasimama katikati ya uwanja, anakuita kulia au kushoto, nawe unatazama kioo, unawasha indiketa, unakata kona. Aliposema kulia, kaka Shoto akakata kushoto. Akarudia, naye akarudia. Mara ya tatu mama wa watu akapuliza filimbi, akamsimamisha, akamuuliza mbele ya wote mkono wake wa kulia ni upi.

Kaka Shoto akaitazama mikono yake.

"Nilipokuwa mtoto niliambiwa mkono wa kulia ndio ninaolia chakula," akasema. "Mimi chakula nilikuwa nalia huu." Akainua wa kushoto. "Mama akaufunga kwa kitambaa. Nikawa nakula kwa huu mwingine, huku nalia. Kwa hiyo, mwalimu, yote miwili ni ya kulia."

Uwanja mzima tukavunjika mbavu. Mwenyewe pia alicheka, hata mkufunzi akageuka pembeni kuficha meno. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake, na aliporudi hakuwa anacheka tena.

Jioni tulitembea pamoja hadi kituoni, yeye akiikokota baiskeli. Hapo hakutania. Aliniambia kwamba akiachwa afikiri, anajua vizuri kabisa. Akiulizwa ghafla, kichwa kinakuwa cheupe, anarudi kuwa mtoto aliyekaa mkekani na mkono uliofungwa. Kwenye kazi jambo hilo halikuwahi kumsumbua kwa kuwa yeye hutembea kwa milango, hatembei kwa kulia na kushoto.

"Nina miaka hamsini na miwili, mdogo wangu," akasema. "Nani mwingine atanipa bahasha zake nimbebee?"

Nikaona aibu kwa ule wivu wangu, na aibu ndiyo iliyonituma. Siku ya tatu nilichukua ofisini ule wino mweupe wa kufutia makosa. Wakati wa mapumziko nikamwomba glavu yake ya mkono wa kulia, glavu nyeusi tulizopewa kwa ajili ya kozi, nikaandika mgongoni mwa glavu herufi K, kubwa, ya Kulia. Nikamwambia akichanganyikiwa atazame chini tu: penye K ndiko kulia. Akanishukuru mpaka nikamwambia yatosha. Mchana ule alipita amri zote. Polepole, lakini alipita. Mkufunzi akampigia makofi.

Siku ya nne mtahini alikuja na faili kwapani. Alikuwa kijana, na sauti yake ilikuwa ya kufokea watu. Mimi nilitangulia. Injini ilinizimikia mara moja, lakini nikamaliza. Kisha ikaitwa namba ya kaka Shoto.

Alianza vizuri kuliko sisi wote. Koni alizipita, breki ya ghafla akashika, akasimama bila kuyumba. Kulia, akatazama chini, akakata kulia. Kulia tena, akakata. Nikaanza kumpigia hesabu kichwani kwamba bado amri mbili.

"Kushoto!" akafoka mtahini.

Niliona helmeti ikiinama. Aliitazama ile glavu, na palikuwa na K. Kushoto nako kunaanza na K. Ndipo nilipolijua hilo, nimesimama pale na leseni yangu inanisubiri. Akawasha indiketa ya kulia kwa utulivu kabisa, kama mtu aliye na uhakika, akakata kulia, akauvuka mstari wa njano na kuwalazimisha watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu waruke. Hakuanguka. Aliizima pikipiki mwenyewe, akaisimamisha vizuri kwenye stendi yake.

Mtahini alichora mstari mmoja kwenye karatasi. Mkufunzi alijaribu kumwombea, akaambiwa barabarani wangekuwa wamekufa watu wawili. Na ni kweli.

Kaka Shoto hakunilaumu. Natamani angenilaumu. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kama kweli sikujua, nikamwapia kwamba sikujua, na sikujua. Lakini siku ile wino ulipokuwa ukikauka, kuna kitu kilinipitia moyoni, kama unapotoka nyumbani ukahisi umesahau jambo. Sikurudi kulitazama. Nilikwenda kunywa chai.

Wiki ya mwisho alinikabidhi mkoba na zile glavu, kwa kuwa zangu zilikuwa zimechanika. Siku mbili nzima alinieleza njia zake nikiandika: ukitoka benki fuata upande wa kinyozi, ukiona geti la bluu umepitiliza. Kulia na kushoto havikutajwa hata mara moja. Tangu hapo ameomba kazi sehemu nne. Kote wameanza na swali moja, kama ana leseni. Miezi mitatu imepita, na mtihani hakurudi kuufanya.

Jana nilimwona ng'ambo ya barabara, anatembea kwa miguu, bahasha ya vyeti vyake kwapani. Nilipiga honi. Alinitambua, akatabasamu, akainua mkono wa kushoto kunipungia kama kawaida yake. Ukafika usawa wa bega ukasimama. Akautazama. Akaushusha, akahamisha bahasha, akainua ule mwingine.