Joto Letu Lilikopitia

Majira yetu ya pili ya baridi mjini Columbus, Marekani, mwaka 2015, nilianza kuamini kwamba kuna mtu anatuibia joto. Mashine ya gesi iliyo chini ya nyumba ilinguruma mchana kutwa, bili ilizidi kupanda, na bado tulikula chakula tumevaa makoti. Kama gesi inaungua na nyumba haipati joto, basi joto hilo linakwenda kwa mtu. Ndivyo nilivyojieleza, na nilijiona mwerevu sana.

Wa kwanza niliyemshuku ni jirani. Nyumba yetu ilikuwa nusu ya nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta, na nusu ya pili alikaa mwanamume wa Bukavu, Mkongo mwenzetu, mpole kupita kiasi. Mimi watu wapole kupita kiasi siwaamini. Siku moja nilimgongea kuomba chumvi ambayo sikuihitaji, akanifungulia akiwa na singlendi. Ni Februari, theluji inafika magotini, na mtu ana singlendi. Nilimuuliza kwa mzaha joto lake analitoa wapi. Akacheka, akasema yeye hufunga madirisha yake tu. Nilirudi kwangu nikaupapasa ukuta ule kwa viganja, nikitafuta mahali joto letu linapovukia.

Mke wangu alisema nimeanza kuchanganyikiwa, nikamshuku na yeye. Nilibandika kipande cha utepe kwenye kile kidude cha ukutani cha kupandisha na kushusha joto, nijue kama kinaguswa. Hakikuguswa. Binamu yangu wa Louisville aliniambia kwa simu kwamba mwenye nyumba lazima anachezea mita. Kaka yangu wa Buffalo, ambako baridi haina mzaha, akasema niache maneno ninunue plastiki ya kuziba madirisha, ile inayokazwa kwa draya ya nywele. Nilimsikiliza wa Buffalo. Jumapili, baada ya ibada, tuliziba nyumba nzima, huku mama yangu amekaa kwenye kochi, kitenge kichwani, akitutazama.

Bili iliyofuata haikushuka. Tena plastiki ya chumba cha watoto niliikuta imebanduliwa upande wa chini, kwa utaratibu, bila kuchanika. Hapo nilijua adui yuko ndani. Niliwahoji watoto wakubwa, wakanijibu kwa Kiingereza kwamba hawajui, na wanangu wakinijibu kwa Kiingereza huwa siwaamini hata kidogo.

Kisha theluji ikaanguka nyingi, ghala nililofanyia kazi likafungwa mapema, nikarudi nyumbani mchana. Mashine ilikuwa inanguruma. Pazia la chumba cha watoto lilikuwa linacheza. Wadogo wawili walikuwa wamelala chini ya mablanketi, na mama yangu amekaa kati yao na dirisha, amevaa koti langu la zamani, akiwakinga na upepo kwa mgongo wake. Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha mkono kupita.

Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza kama ni yeye, siku zote hizi.

"Moto iko inawaka ndani ya nyumba," alisema, "na mulifunga kila fasi. Batoto batapumua nini?"

Nilimweleza kwamba hili si jiko la mkaa, kwamba moshi wake unatolewa nje kwa bomba. Hakubishana. Aliniuliza kama namkumbuka dada yangu. Nilimkumbuka kwa shida. Nilikuwa mdogo, na kambini Kigoma, tulikoishi kama wakimbizi, niliambiwa kwamba malaria ndiyo iliyomchukua. Mama akasema haikuwa malaria. Ulikuwa msimu wa mvua, upepo unaingia kila upande wa turubai, na yeye mama mwenyewe akaingiza jiko la mkaa ndani na kuziba matundu yote kwa matambara ili tusisikie baridi. Mimi nilikuwa nimelala mlangoni, penye hewa kidogo.

"Alisema kichwa inamuuma," mama akaniambia. "Mimi nikamwambia, lala, itapona."

Hasira yangu iliisha palepale, nikabaki na uchungu ambao sikujua niuweke wapi. Nilimshika mkono nikamtoa nje nikamwonyesha bomba ubavuni mwa nyumba, likitoa mvuke mweupe. Alilitazama. Akauliza theluji ikipanda ikaliziba, ule moshi utarudi wapi. Nilichukua koleo nikafukua theluji yote iliyokuwa karibu, na kesho yake nikanunua kengele inayolia hewa ya nyumba ikiingia sumu.

Lakini jioni ile kengele ilikuwa haijanunuliwa bado. Nilifunga dirisha la watoto, nikabandika plastiki upya, mama akinitazama. Halafu, bila yeye kuniomba, nikalivuta godoro lao mpaka mlangoni.