Kobe, Mbegu za Papai na Sindano ya Ng'ombe

Enzi zetu hapa Ifakara minyoo haikuwa aibu ya mtu. Kila mwenye tumbo alikuwa nayo, na kila mwaka, kabla familia haijahamia shamba kwa msimu wa mpunga, tulitolewa minyoo wote siku moja, kama mtu anavyofagia nyumba kabla ya safari. Wenzangu mliokulia bonde hili mnajua ninachosema. Mbegu za papai zinaanikwa kwenye ungo, zinatwangwa, zinachanganywa na uji usio na sukari, unakunywa alfajiri tumbo tupu huku mama amesimama mbele yako na mwiko. Ukitema, unaongezewa.

Kwetu tulikuwa sita: Bonifasi, Agnesi, mimi Sesilia, Ladislausi, Kristina, na Emili aliyekuwa bado mgongoni. Mama yetu, Odilia, hakujua habari ya kipimo cha chupa. Kipimo chake kilikuwa kiganja, kizima kwa mkubwa, nusu kwa mdogo. Kesho yake asubuhi tulijipanga nyuma ya nyumba, kila mtu na sehemu yake, naye akapita na kijiti akikagua. Bonifasi ndiye aliyekuwa bingwa. Mwaka mmoja alitoa mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu, akatamba nao shuleni hadi mwalimu akamchapa. Mimi mwaka huohuo sikutoa kitu, nikalia nikidhani nimepunjwa. Mama akasema, "Yako imeogopa, imekufia humohumo." Basi nikanyamaza. Akishamaliza kukagua anatangaza, "Mmepona. Fungeni mizigo." Watoto wa leo wanapewa kidonge kimoja shuleni, kitamu, na bado wanakunja sura kama wamelishwa mkaa.

Tukishapona tunahama. Mikeka, vyungu, mbegu ya mpunga wa shingo ya mwali kwenye vikapu, kuku kwenye tenga, na juu ya tenga kobe wetu Sadiki. Huko shamba tulikaa miezi, tukiamia ndege kwa kombeo na makelele, koo zimekauka. Mpunga ukianza kukomaa tunapikiwa pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa ukatwangwa mpaka ukawa bapa, unautafuna na nazi ukipatikana, na usipopatikana unatafuna hivyohivyo. Perege wa kuchoma walikuwa wengi hata tukawachoka. Sasa hivi mtu akiniletea perege mmoja namwombea baraka.

Lakini nilitaka kusema habari ya kobe. Kwetu kobe hakuwa wa kuchezea. Alikaa banda moja na kuku, kwa sababu mama aliamini magonjwa ya kuku yanamwingia yeye, anayafungia ndani ya gamba yasitoke. Sasa mwaka mmoja, jua kali, siku chache kabla ya kuhama, Sadiki akaacha kula. Alijichimbia pembeni ya banda akatulia kama jiwe. Mama akasema amebeba mzigo mkubwa mwaka huu. Mimi na Agnesi hatukukubali. Sisi tulikuwa tumetoka kunywa dawa, tukaona ni minyoo tu. Tukachukua papai bivu, tukaacha mbegu zake zote ndani, tukamwekea mdomoni mwa gamba. Siku tatu hakuligusa. Siku ya nne mvua ya kwanza ikanyesha, na asubuhi papai halipo na Sadiki anatembea. Agnesi akakata shauri kwamba tumemtibu. Aliliamini hilo maisha yake yote.

Mimi sasa naishi Lipangalala, hapahapa Ifakara, na mjukuu wangu Neema, ana miaka kumi na moja. Baba yake, mwanangu Gaspari, alimletea kobe mwenye kibali cha kufugwa, kimepigwa mhuri. Sadiki alijileta mwenyewe akipita njia zake, hakuna aliyemuuliza. Neema akamwita kobe wake Spidi. Nikamwambia, hilo ni jina la kumdhihaki kiumbe. Akacheka, akasema, "Bibi, ni utani wa kisasa." Lakini anampenda. Tangu mama yake ahamie Sanje kwa biashara ya ndizi, Spidi ndiye anayesimuliwa mambo yote ya shule. Mimi nikiuliza naambiwa, "Salama tu, bibi."

Mwezi uliopita Neema alinijia na kipande cha gazeti mkononi. "Bibi, Spidi ana nyuzi kwenye mavi." Nikavaa miwani, nikatazama. Nyuzi zenyewe zinajongea. Na Spidi kweli alikuwa ameanza kususa mchicha. Nikasema hili nalijua, nikatwanga mbegu za papai. Spidi akanusa, akageuza uso. Siwezi kumlaumu.

Neema hakula siku ile. Alikaa tu bandani. Ndipo akapita jirani yetu Masanja, Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wake miaka mingi sasa na ni mtu wa msaada. Ananiita mayu, ndiyo mama kwa lugha ya kwao.

"Mayu, minyoo ni minyoo," akasema. "Dawa ninayo nyumbani. Ng'ombe mzima anapona, hiki kisahani kitanishinda?"

"Babu, huyu si ng'ombe," Neema akamwambia.

"Ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Haya."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ana hoja. Akaleta chupa na bomba la sindano, akashika mguu wa nyuma. Spidi akauvuta ndani kwa nguvu, sindano ikateleza, maji ya dawa yakachuruzika kwenye gamba.

"Imeingia?" nikamuuliza.

"Nyingine imeingia, nyingine imemwagika."

"Iliyoingia ni kiasi gani?"

"Mayu, kobe hasemi."

Neema akataka kujua kama arudiwe. Chupa inasema mambo ya kilo za ng'ombe, na sisi hatukujua Spidi ana kilo ngapi. Nikasema twende kwa daktari wa mifugo atuambie kipimo. Tukamweka Spidi kwenye beseni, tukapanda bajaji, na chupa nimeishika mimi.

Daktari ni binti mdogo, anaitwa Yusta. Akanipa shikamoo yangu vizuri, akachukua chupa, akaisoma, kisha akaiweka mezani polepole.

"Bibi, hii mmeshampa?"

Nikamweleza, nyingine imeingia, nyingine imemwagika.

"Kwa ng'ombe hii ni dawa," akasema. "Kwa kobe ni sumu. Inampanda kwenye ubongo, analegea shingo na miguu mpaka anashindwa kupumua."

Nikamuuliza dawa inajuaje imeingia kwa nani. Akanieleza kwa upole, mara mbili. Nikaitikia kwa kichwa kama tulivyokuwa tukiitikia misa ya Kilatini, yaani kwa heshima, bila kujua kinachosemwa. Neema alielewa kuliko mimi, maana alianza kulia palepale. Akamuuliza daktari, "Atakufa?"

"Sijui," daktari akasema. "Tusubiri tuone."

Jibu hilo lilinichanganya kuliko sumu yenyewe. Mtu amesoma miaka yote ile, ana koti jeupe, halafu anasema sijui. Mama yangu hakuwahi kusema sijui juu ya ugonjwa wowote, na hakuwahi kuingia darasani hata siku moja.

Tukapewa maagizo. Kila baada ya muda tumguse. Akijificha ndani ya gamba, nguvu anazo. Akiacha kichwa nje kimelegea, tumkimbize kwake. Na kila siku awekwe ndani ya maji ya uvuguvugu, yasifike puani, ili anywe na ajisaidie. Basi mimi bibi kizee, niliyeogeshwa utotoni kwa maji baridi ya mtoni mwezi wa sita, nikawa nachemshia kobe maji ya kuoga. Napima joto kwa kiwiko kama wa kichanga. Masanja kila asubuhi alisimama ukutani, haingii ndani, anauliza, "Mayu, mgonjwa?" Namjibu, "Kajificha." Anashukuru anaondoka. Nimeishi miaka mingi na sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu kiumbe kanikimbia gambani.

Siku ya pili hakujificha upesi. Neema alimgusa pua, Spidi akakaa, akakaa, kisha ndipo akavuta kichwa kidogokidogo. Hatukujua kama ni sumu au ni usingizi. Neema akaniuliza, "Bibi, wewe unaonaje?" Nilitaka kumjibu kama Mama Odilia, kwa sauti ile ya kumaliza maneno. Haikutoka. Nikasema, "Tumguse tena." Siku ile Neema hakwenda shule, na mimi sikumlazimisha, jambo ambalo kwa mama yangu lingekuwa bakora kwetu sote wawili.

Siku ya tano Spidi aliuma kidole cha Neema akidhani ni mchicha. Neema alikuja kunionyesha damu huku anacheka. Tukampeleka tena. Daktari akampima kwenye mizani ndogo kama ya kupimia dagaa, akaandika, akapiga hesabu, kisha akavuta dawa nyeupe, yake kabisa ya kobe, nayo ilikuwa matone machache hata nikadhani ananitania. Akamtoa kichwa kwa vidole viwili, akamtia mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Akasema banda lifagiliwe kila siku, mavi yasikae, maana anajirudishia mayai ya minyoo mwenyewe kwa kula hapohapo.

Nilipomwona daktari ametulia nikamsimulia habari ya Sadiki na papai. Akasikiliza, akatabasamu. "Bibi, huenda hakuwa mgonjwa. Kobe wengine kiangazi wanalala tu, wanaamshwa na mvua. Na minyoo michache kobe anaweza kuishi nayo."

"Kwa hiyo hatukumtibu?"

"Labda mlimtibu, labda mlimlisha tu papai."

Nilirudi nyumbani na hilo. Agnesi ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumpelekea habari hizi, na hata ningeweza nisingempelekea. Mwache abaki na ushindi wake. Lakini mimi nimebaki na habari mbili kichwani na hazikai pamoja. Kama Sadiki alikuwa amelala, na magonjwa ya kuku hayakumwingia, na mnyoo wangu haukufia humohumo, basi utoto wetu ulikuwa wa namna gani? Maana tulikuwa wazima. Nakumbuka tulivyokimbia kwenye matuta ya mpunga, sote sita, matumbo mepesi, tukiamini hatuna hata mnyoo mmoja.

Sasa Spidi anakula. Anakula mchicha, anakula matembele, juzi kala ua la boga lote. Anatembea uani kama mwenye nyumba. Mimi kwa macho yangu namwona mzima. Lakini daktari anataka mavi yake tena ndani ya kopo safi, ayatazame kwa darubini, na majibu ni Jumatatu. Jana nilimwambia Neema, "Huyu kapona, tufurahi basi." Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. "Bibi, bado majibu."

Enzi zetu aliyepona ni yule aliyeambiwa amepona, akafunga mzigo wake akaenda zake shamba. Sikatai, wengine tuliambiwa uongo, na sumu kama ile ingetumaliza tukiwa tunaimba. Wa leo wanajua mengi, nami nashukuru wamejua kabla sindano haijarudiwa. Ila furaha yao inakuja kwa zamu. Nimekaa hapa uani, Neema kaniegemea, Spidi anatafuna mbele yetu kwa kelele, na sote watatu tunangoja Jumatatu tuambiwe kama siku hii ya leo ilikuwa nzuri.