Sanduku Lililobeba Sauti ya Baba

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo vidole vyangu vilinuka gundi ya mbao tangu alfajiri. Walikuwa wanakuja kumposa mdogo wangu Furaha, hapa hapa nyumbani kwetu Nengo. Wageni walivuka mpaka kutoka Goma, ng'ambo ya Congo, jamaa za kijana aitwaye Idi. Wao ni watu wa msikiti, sisi ni watu wa kanisa. Baba alikuwa amekwisha kuridhia, lakini alikuwa kitandani, kifua kimemmaliza, sauti imebaki ya kunong'ona, na kumbeba hadi barazani ilikuwa hatari. Kaka yake, Baba Mkubwa, hakuitaka ndoa ile hata kidogo. Alikuwa ametangaza kwa kila mtu: siku ya posa, mwenye nyumba asiposikika, mkubwa wake ndiye atakayejibu. Jibu lake tulilijua.

Ndiyo maana nilitengeneza lile sanduku.

Ninyi vijana mnaojiundia visanduku vya spika vya kuunganisha na simu mnajua haya. Asiyejua nimweleze taratibu. Spika ndogo ya upana wa kiganja, ile moja inayobeba peke yake sauti nene na nyembamba, ukiishika tupu mkononi inalia kama nyuki ndani ya chupa. Karatasi yake ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na hewa hizo mbili zikikutana zinauana. Kazi ya sanduku ni kuzitenganisha. Likiwa dogo, mbao zake ngumu, limezibwa kila upande, na ndani umetia sufu kidogo ili mwangwi ulale, spika hiyo ndogo itasema kama mtu aliyeketi mbele yako. Tulikuwa tumejaribu spika kubwa ya kanisa, ile yenye umbo la pembe, tukasikia bati linakwaruzwa. Sauti ya Baba haikuwamo.

Aliyenifundisha ni Mzee Bonane, jirani aliyerudi kutoka Congo na bisibisi zake pamoja na mizaha yake yote. Sufu tuliipata kwa mfugaji wa kondoo kule Mudende. Tulipomaliza kuunga mbao akanionyesha namna ya kulipima sanduku: bonyeza karatasi ya spika kwa vidole, polepole, kisha achia. Ikirudi kwa uvivu, hewa imefungwa. Ikiruka, kuna ufa. Yetu ilirudi kwa uvivu, nikalala nimeridhika.

Huyo Mzee Bonane ndiye pia aliyekuwa msemaji wa familia yetu katika posa. Kipaza sauti tulikiweka kwenye mto wa Baba, waya ukapita dirishani, na sanduku likakaa juu ya kigoda barazani. Ambacho sikukijua ni kwamba waliopanga viti asubuhi walikuwa wamelisogeza juani, likaegemea ukuta wa mawe meusi uliokuwa umepata moto wa jua, kisha wakalirudisha kimya kimya.

Wageni wakaketi. Mzee Bonane akawaambia kwamba mwenye nyumba atawasalimu kwanza. Baba akasalimu. Kilichotoka kilikuwa mkoromo, na ndani yake hata neno moja halikushikika. Wageni wakatazamana. Baba Mkubwa akavuta koti lake vizuri, akaweka viganja magotini, tayari kuinuka.

Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Mzee Bonane, uso wake bado kwa wageni, akaniinamia.

"Vumilia, we unataka kelele ao unataka sauti? Toa mukono pale. Fungua."

Fungua, mbele ya wakwe? Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nililibeba sanduku hadi nyuma ya nyumba kama kuku wa kuchinjwa, na yeye akafanya kile ambacho posa zetu zinaruhusu. Wasemaji wa pande mbili wana haki ya kuzungushana kwa maneno, kujifanya hawaelewi, kumsahau hata bibi arusi.

"Bon, haya wageni," nilimsikia akisema, "hapa iko mabinti wengi. Munatafuta yule mwenye kukoroma?"

"Yule yule, Mzee," msemaji wa wageni akadaka. "Sisi tunalala chini ya volkano. Kukoroma hakutuogopeshi."

Watu wakacheka. Mimi nilirudi kwenye sanduku. Nilibonyeza karatasi, ikaruka. Nikapapasa kila kiungo cha mbao kwa kidole kilicholowa mate hadi nikausikia upepo: mbao ya chini ilikuwa imeachia gundi, ufa mwembamba kama ukingo wa kucha. Gundi mpya ingehitaji usiku mzima kukauka. Jikoni wanawake walikuwa wanasonga bugari, ugali wa muhogo. Nikachota donge likiwa bado linafuka, likaniunguza, nikalishindilia ndani ya ufa kwa dole gumba, kisha nikalibana sanduku kwa kipande cha kitenge, fundo juu ya fundo. Nikabonyeza. Ikaruka tena, kidogo. Kona ilikuwa imenikimbia. Kule kwa wageni vicheko vilikuwa vinapungua, na nikaisikia sauti ya Baba Mkubwa.

"Bonane, michezo imetosha. Mwenye nyumba hana sauti. Mi ndiye mukubwa yake."

Nikaziba kona, nikabonyeza. Ikarudi kwa uvivu.

Nilipita katikati ya watu na sanduku lililofungwa kitenge kama shavu la mwenye jino bovu, nikaliweka kigodani. Kitufe sikukigusa. Nikainama dirishani, nikamwambia Baba aseme.

Akasema, pumzi kati ya neno na neno, na kila pumzi tuliisikia.

"Mi ndiye baba ya Furaha. Nimemupa Idi, kwa roho nyeupe. Kaka, kaa chini. Niko muzima bado."

Baba Mkubwa akabaki amesimama, akilitazama sanduku kama mtu aliyeitwa kwa jina gizani. Kisha akakaa. Baba hakuyafikia mavuno yaliyofuata, lakini Furaha aliondoka kwetu akiwa ametolewa na baba yake, na hakuna mtu, hapa wala Goma, aliyewahi kubisha.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na debe tupu haliachi kuvuma. Kazi yako ikikoroma, usikimbilie kuongeza kelele. Ifungue, hata kama wakwe wanatazama. Aibu ya kufungua ni ya muda mfupi. Papasa taratibu, utaona pa kuziba, na kama huna gundi, Mungu hakosi kukupa bugari. Na unapojenga chombo cha sauti, mfikirie kwanza mwenye pumzi ndogo, maana wenye sauti kubwa hawakihitaji.

Mungu aizoeshe mikono yako subira. Mbao zako zishikane, nyumba yako ishikane, na siku utakapokuwa na neno moja tu lililobaki kifuani, awepo wa kulifikisha.