Feni Iliyolia Kwenye Namba Mbili

Hebu mwone anavyofika. Ni saa moja na nusu asubuhi, anatembea kando ya ukuta, mkono mmoja umeshika chupa ya chai, mwingine uko mfukoni unachezea funguo. Akifika kwenye lango la bati hafungui kwanza. Anasimama, anainamisha kichwa upande kama kuku anayekagua punje, anasikiliza barabara. Zamani angekwambia pale pale: lile lori mkanda umelegea, ile teksi beringi ya nyuma inaaga dunia. Siku hizi anasimama vilevile, anainamisha kichwa vilevile, halafu anafungua kufuli na kuingia bila kusema kitu. Watu wakimwona wanaambiana, "Mzee Sikio anasikiliza." Hakuna aliyejiuliza anasikia nini.

Ni fundi umeme wa magari. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho kiko chini ya godoro. Hili la Sikio alilipata ujanani, katika gereji kubwa aliyoanzia kazi, siku mafundi watatu walipokuwa wamekwisha fungua nusu ya injini wakitafuta mlio. Yeye alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Akasema, "Kaka zangu, mnamsumbua mgonjwa bure. Fungeni. Ni taa ya kushoto imelegea skrubu." Walicheka sana. Kisha mmoja akaikandamiza taa kwa kidole, na mlio ukakatika. Tangu siku ile, miaka arobaini sasa, wateja hawamletei gari alitengeneze tu. Wanamletea alisikilize.

Anakaa chumba kilicho nyuma ya gereji yake, chenye mlango wa upande wa pili, kwa hiyo kila asubuhi huuzunguka ukuta kufika langoni. Ukifungua mlango unaona kitanda, meza, jiko la mafuta, na redio ya zamani yenye kitufe cha sauti cha kuzungusha. Kando ya kitufe hicho kuna alama ndogo nyekundu ya rangi ya kucha. Aliipaka marehemu mke wake. "Ukivuka hapa," alimwambia, "mimi natoka nje." Na kweli alikuwa akitoka, anakwenda kukaa kibarazani amenuna mpaka redio ipunguzwe. Sasa kitufe kimevuka alama ile kwa mbali, karibu kinagota mwisho, na hakuna anayetoka nje.

Binti yake pekee ameolewa mbali, safari ya basi ya siku mbili. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana hupiga simu. Wakishasalimiana humpa simu mtoto wake, msichana wa miaka sita, aongee na babu. Hapo ndipo mambo huharibika. Sauti ya binti mzee huipata, ingawa kwa kukisia maneno mengine. Ya mjukuu humfikia kama mtu anayepuliza makapi. Mwanzoni alisema simu ni mbovu, akanunua nyingine. Kisha akasema mtandao. "Mtandao mbovu, mama, babu hakusikii, mpe mama yako." Akasema hivyo Jumapili moja, ya pili, ya kumi.

Jumapili iliyopita mtoto hakupewa simu. Binti alisema, tena taratibu, neno moja moja:

"Baba, mwenzio amekataa. Anasema babu hataki kuongea naye. Jumapili ijayo nitajaribu mara moja tu. Akikataa tena, simlazimishi."

Maneno yale aliyasikia yote, mwanzo hadi mwisho. Lakini unajua alijibu nini? "Mtandao mbovu, mwanangu." Akakata simu.

Jumatatu yake ndipo akaja Mwalimu.

Alikuja na gari dogo la kijivu, akaliegesha mbele ya karakana, akashuka na mkoba wake. Ni mama mtu mzima, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Linaumwa wapi?"

"Feni ya ndani, hii ya kuleta upepo. Ina maradhi mawili. Kuna kitu kinagongagonga, na kuna kitu kinalia kama kifaranga. Kifaranga namsikia zaidi nikiweka namba mbili. Nikienda namba nne upepo unamfunika."

Jirani yake Sikio, fundi wa matairi ambaye mtaa mzima unamwita Pancha, alisikia akiwa kwenye pipa lake la maji. "Mwalimu, akikua akianza kutaga, usinisahau!"

"Wewe nitakurudisha darasa la kwanza," Mwalimu akamjibu bila kugeuka.

Sikio akawasha swichi. Namba moja, mbili, tatu, nne. Tak-tak-tak, aliisikia vizuri. Kifaranga hakumsikia. Akajiambia moyoni kwamba wateja ndivyo walivyo, ugonjwa mmoja wanaupa majina mawili. Akalala chali kwenye sakafu ya upande wa abiria, miguu nje ya mlango, tochi mdomoni. Akachomoa plagi, akafungua skrubu tatu, akaishusha mota pamoja na gurudumu la feni. Gurudumu hilo usifikirie feni ya darini. Ni kama kopo la maziwa lililochanwachanwa pembeni kote, mapezi membamba yamejipanga. Ndani yake alikuta majani makavu na karatasi ya pipi.

"Huyu hapa mgongaji wako," akasema, akimwonyesha karatasi.

Akasafisha, akarudisha, akawasha. Kugonga kumekwisha. Akajifuta mikono kwa fahari. "Kimya kabisa."

Mwalimu aliweka namba mbili, akasikiliza. "Kifaranga bado yupo, fundi."

"Huo ni upepo tu, Mwalimu. Feni imesafishwa, inatafuta makazi. Itazoea."

Mafundi wana maneno ya namna hiyo, na wewe bila shaka umewahi kuambiwa. Mwalimu akamtazama kidogo, akawasha gari, akaondoka.

Jumatano alirudi. "Fundi, haijazoea."

Pancha alicheka mpaka akaangusha chuma cha kubandulia tairi. Sikio hakucheka. Akafungua kifuniko cha chini ya dashibodi, akakaza skrubu, akabana plastiki zote zilizoweza kutetemeka. Kisha akachukua bisibisi yake ndefu, akaiegemeza ncha kwenye mota na mpini kwenye sikio, kama daktari na kifaa chake. Namba mbili. Alisikia mvumo mzito, uliotulia, mzuri.

"Mota inavuma kama mtu aliyeshiba," akasema.

"Mzee, acha mzaha," Pancha akasema kutoka kule kwake, nusu ya barabara ikiwa katikati yao. "Hata mimi huku namsikia. Cwii, cwii, cwii."

Sasa, Pancha ni mtu wa utani asubuhi mpaka jioni. Sikio akaona anachezewa mbele ya mteja. "Wewe rudi kwenye viraka vyako! Nani kakuita?" Na akamgeukia Mwalimu, uso umepata moto, akasema neno ambalo hajawahi kumwambia mteja tangu aanze kazi: "Labda ni masikio yako, Mwalimu."

Mwalimu hakukasirika. Alizima feni. Akafungua mkoba, akatoa daftari, akajifunika nalo mdomo kama anayesoma, akasema kitu.

"Ndiyo, ndiyo, Mwalimu," Sikio akajibu.

Mwalimu akashusha daftari. "Nimekuuliza unaitwa nani nyumbani kwenu."

Pancha, namshukuru kwa hili, alikuwa amekwisha geuka na tairi lake. Mwalimu akasogea karibu, akazungumza polepole, kwa sauti ya chini iliyotoka kifuani.

"Miaka thelathini na moja nafundisha wadogo. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili nampata anayenitazama mdomo. Wenzangu humwita mkaidi. Wewe tangu juzi unanitazama mdomo, fundi. Nikigeuka, unaitikia ndiyo. Nadhani sauti nzito bado unazo. Nyembamba ndizo zimekutoka. Yale majani uliyasikia. Huyu anayelia sasa humsikii."

Sikio alitafuta pa kukaa, akapata sanduku la betri. Ungedhani angesema kazi yake itakuwaje, jina lake litakwenda wapi. Hakusema hayo. Aliuliza:

"Yule mtoto asiyesikia, wenzake humfanyaje?"

"Mwanzo humwita," Mwalimu akasema. "Baadaye huacha kumwita."

Kisha mzee akainuka, akajipangusa suruali. "Kaa hapo kwenye kiti, Mwalimu. Leo tutaitengeneza wawili. Ukimsikia, sema 'sasa'."

Akaishusha mota mara ya pili, akaiweka juu ya meza ya kazi, akaiunganisha kwenye betri ndogo ya pikipiki iliyochoka, ambayo huizungusha polepole, kama namba mbili. Yeye akaweka ncha ya kidole penye mwisho wa shafti, ule ufito wa chuma unaozungusha gurudumu, pale shafti inapolala ndani ya bushi, kile kipete cha shaba kinachoishika isiyumbe.

"Sasa," Mwalimu akasema. "Sasa. Sasa. Kanyamaza. Sasa."

Na kila "sasa," kidole kilipata mtetemo mdogo, mwembamba kama mshipa wa mtu mwenye homa. Kila aliponyamaza, mtetemo ukakoma. Sikio akafumba macho. Mara mbili alikuwa ameifikia mota hii, na mara zote alikuwa anategemea sikio tu, mkono hakuuuliza kitu.

Bushi ilikuwa imekauka. Vumbi limeingia, likachanganyika na mafuta ya kiwandani, likawa gundi nyeusi. Akaifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka kikatoka safi. Akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akangoja linywewe, akatia la pili, akafuta lililozidi. Mafundi wengi huyamwaga, na mafuta yakifika kwenye kaboni za mota, zile zinazoipitishia umeme, unakuwa umeponya jino na kuua mgonjwa. Kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono. Mwanzo lilikuwa likisimama ghafla kama mtu aliyeitwa. Sasa lilikwenda, likaenda, likapunguza mwendo lenyewe, likatulia.

Akarudisha kila kitu mahali pake. Akawasha. Namba moja, mbili, tatu, nne, akarudi mbili. Hakuitazama feni. Alimtazama Mwalimu.

"Kanyamaza," Mwalimu akasema.

"Kweli?"

"Kweli, fundi. Upepo mtupu."

Kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kukabidhi gari kwa neno la mtu mwingine. Alimpa funguo polepole, kama ambaye bado anazihitaji.

Mwalimu alipokwisha kufunga mkanda, alishusha kioo. "Nenda wakakupime, kuna vifaa siku hizi. Na kama kuna mtu mwenye sauti nyembamba unayependa kumsikia, mwambie ukweli, kisha mwambie angurume. Watoto wangu huwaambia, 'Ongea na mwenzako kama simba.' Huwezi kuwanyamazisha."

"Nani kakwambia ni mtoto?"

"Sikusema ni mtoto," Mwalimu akasema. "Nimesema watoto wangu." Akaingiza gia.

Ungependa kusikia kwamba tangu hapo mzee alibadilika. Mimi pia ningependa kukusimulia hivyo. Ijumaa asubuhi, amesimama langoni kama kawaida, lori likapita, Pancha akamchokoza kwa mchezo wao wa zamani: "Haya Mzee Sikio, lile lina nini?" Alichosikia ni ngurumo tu kama ngurumo zote. Alifungua mdomo. Naamini kabisa alitaka kusema. Kisha akasema, "Mkanda." Alibahatisha tu. Pancha akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Wewe mzee si mtu wa kawaida," na akaendelea kujaza upepo. Sikio alifungua kufuli, akaingia, na siku nzima hakutoka kumtania.

Sasa ni Jumapili. Amekwisha kula, sahani ameiosha, ameifunika. Redio ameirudisha mpaka kwenye ile alama nyekundu. Hapo haisikii hata kidogo, lakini ameiacha hivyo hivyo ikizungumza na chumba. Simu iko mezani, mbele yake, na kiganja chake kiko juu ya simu. Mlio wake hataupata, ila mtetemo ataupata, kama alivyoupata wa shafti.

Alfajiri alijaribu kunguruma, peke yake, mbele ya kioo cha kunyolea. Alijiona mjinga, akacheka. Kisha akajaribu tena, safari hii vizuri zaidi.

Simu inatetemeka. Upande wa pili yuko binti yake, na pembeni ya binti, pengine, yuko msichana aliyekunja mikono, ambaye ameambiwa ajaribu mara moja tu. Yale maneno mawili ya mtandao yako kwenye ncha ya ulimi wa mzee, yamezoea njia, hayahitaji hata kusukumwa. Ameishika simu. Ameipeleka sikioni.

Wewe uliyeingia naye tangu langoni, ungemwambia aanze na neno gani?