Funguo Nyuma ya Mlango wa Mama

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, stima zilirudi katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Gatina, Kawangware, jijini Nairobi. Vijana walipiga mbinja, redio zikaanza kuimba kila mlango. Dakika sita baadaye nilinusa kitambaa kikiungua.

Sisi tuliokulia Kibera, upande wa kuelekea Ayany, tulifundishwa la kufanya. Wakati wetu, nyuma ya mlango wa mama kulikuwa na misumari mitano, na kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo wa jirani. Wa Mama Akinyi ulifungwa uzi wa buluu, wa Baba Njoroge kipande cha mpira wa tairi. Wetu ulikaa kwao. Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Sisi watoto tulizijua funguo hizo kwa kuzipapasa tu, maana tulitumwa kila mara: mvua imeanza, kaangalie kwa fulani kama panavuja, kaone kama fulani amezima jiko. "Ukipoteza ufunguo wa mtu, utaenda kulala na mbuzi Kitui," mama alituonya. Kitui penyewe tulikuwa hatujapaona, lakini tulimwamini.

Siku moja Mama Akinyi alienda sokoni akasahau maharagwe kwenye jiko la mafuta taa. Mama alifungua, akaepua sufuria, akatugawia watoto yale ambayo hayakuungua. Mwenyewe aliporudi akauliza, "Na yangu?"

"Hiyo ni ada ya zimamoto," mama akamjibu.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Hadi leo harufu ya mafuta taa hunirudishia maharagwe yale.

Siku hizi mimi ndiye mwenyekiti wa wapangaji. Mutheu, fundi wa nguo wa mlango wa pili, alileta wazo hilohilo mkutanoni: kila mtu amwachie jirani ufunguo. Vijana wakacheka. "Mzee, hiyo ni ya kitambo," mmoja akasema. "Si tuko na kamera?" Hao wanajua neno la siri la wifi ya jirani, jina lake hawalijui. Nami, niliyelelewa na ile misumari, niliandika wazo la Mutheu chini ya "mengineyo" nikafunga mkutano, kwa sababu mechi ilikuwa karibu kuanza.

Siku ya moto, stima zilipotea Mutheu akipiga pasi. Aliiacha kwenye soketi, akafunga kufuli, akaenda kununua vitambaa. Nilizima stima kwenye mita, lakini nguo zilikuwa zimeshika moto. Mlango ni wa chuma, dirisha linatazama ukuta wa ploti nyingine. Ndoo za maji zilijaa uani, pa kuyamwaga hapakuwa. Tulihangaika na mtaimbo dakika ishirini na tano. Kamera ilionyesha moshi vizuri sana.

Moto haukuvuka kwa majirani. Mutheu aliporudi hakuinua sauti. "Mwenyekiti, siku ya mkutano nilikuja na ufunguo wa pili mfukoni. Nilikuwa nimeshauchongesha."

Ufunguo huo ulimgharimu shilingi mia moja. Vilivyoungua ni cherehani mbili, na sare thelathini za shule ambazo wenyewe walikuwa wakizisubiri: shilingi elfu sitini na nne.